Japani ya Kazi na Japani ya Lebo

Mpaka mapema mwaka 2021, hapakuwa na kanuni nchini Japani iliyoeleza wiski ya Kijapani ni ipi. Mtu aliweza kuagiza wiski ya Uskoti au Kanada kwa matangi, akaichanganya na nyingine, akaijaza kwenye chupa nzuri yenye maandishi ya brashi na tawi la mcheri, kisha akaipeleka Paris au New York iuzwe kama wiski ya Japani. Hakuwa amevunja sheria. Na wanunuzi walikuwepo wa kumwaga.

Mchezo huo ulianzia kwenye sifa. Mwishoni mwa 2014, kitabu cha mwongozo cha Jim Murray cha mwaka 2015 kiliitaja Yamazaki Sherry Cask 2013 kuwa wiski bora duniani, na kuanzia hapo kila mwenye baa akataka chupa ya Japani rafuni. Lakini wiski ya miaka 12 haina njia ya mkato. Ile ya kuuzwa 2015 ilitakiwa iwe imeingia kwenye pipa 2003, wakati ambapo Wajapani wenyewe walikuwa wameikimbia wiski na viwanda vinazalisha kidogo. Kampuni ya Suntory, wenye Yamazaki, wakaiondoa sokoni wiski yao ya Hibiki ya miaka 12 mwaka 2015. Mwaka 2018 wakasimamisha Hibiki ya miaka 17 na Hakushu ya miaka 12. Pengo likabaki, na pengo la sokoni halikai wazi.

Februari 2021 chama cha watengenezaji wa pombe kali wa Japani kikatoa viwango, vikaanza kutumika tarehe 1 Aprili, na makampuni yakapewa hadi 31 Machi 2024 kujirekebisha. Ni waraka mfupi. Kimea lazima kiwemo. Maji yachotwe Japani. Wanga ugeuzwe sukari, uchachushwe na kukenekwa katika kiwanda kilichopo Japani. Pombe ikae ndani ya pipa la mbao lisilozidi lita 700, hukohuko Japani, kwa muda usiopungua miaka 3. Ijazwe kwenye chupa Japani, ikiwa na kilevi kisichopungua asilimia 40. Rangi ya sukari iliyoungua inaruhusiwa, jambo ambalo mimi ningelikataa, ila sikuulizwa. Shayiri inaweza kutoka popote, na nyingi hutoka ng'ambo.

Kifungu ninachokipenda zaidi ni kile cha lebo. Wiski isiyotimiza masharti haipaswi kubeba jina la mtu linaloashiria Japani, wala jina la mji, mlima au mto wa Japani, wala bendera, wala jina la enzi ya mfalme, isipokuwa iandikwe waziwazi kwamba haikufikia viwango. Yaani wenye viwanda wenyewe wamekaa chini na kuorodhesha mapambo ambayo mtu huyatumia anapotaka kitu chake kionekane cha Kijapani bila kuwa cha Kijapani.

Panga hilo lilikata huku na huku. Nikka From the Barrel, ile chupa fupi ya mraba inayopendwa na watu wengi wanaojua wiski, haimo. Nikka wenyewe wametangaza kwamba haitimizi masharti yote. Si ajabu, kwani kampuni hiyo inamiliki kiwanda cha Ben Nevis huko Uskoti tangu 1989. Upande wa pili kuna pombe za mchele kutoka kusini mwa Japani, kama zile za Kumamoto, zinazochachushwa kwa koji, ile kuvu inayotengeneza pia sake na mchuzi wa soya. Zikishakaa kwenye mapipa miaka kadhaa, husafirishwa Marekani na kuuzwa kule kama wiski. Kwa mbinu, hizo ni za Kijapani kuliko wiski yoyote ya Suntory. Nyumbani kwao haziitwi wiski, maana hazina kimea.

Isitoshe, wiski yenyewe Wajapani walikwenda kujifunza. Masataka Taketsuru alifika Uskoti mwaka 1918, akasoma Glasgow, akafanya kazi kwenye viwanda huku akiandika kila anachokiona, akaoa huko, na akarudi na mkewe Rita Cowan. Shinjiro Torii, mwanzilishi wa Suntory, alipoanzisha kiwanda cha Yamazaki mwaka 1923, Taketsuru ndiye aliyekuwa na ujuzi. Mwaka 1934 akafungua chake Yoichi, kaskazini katika Hokkaido, kwenye baridi na upepo aliouzoea Uskoti. Kwa miongo mingi kinywaji hicho kilikuwa, bila kuficha, pombe ya mtindo wa Kiskoti iliyopikwa na Wajapani. Kiligeuka cha Kijapani lini? Jibu langu ni kwamba kiligeuka siku ambayo ndani ya Yamazaki na Yoichi palikuwa na watu wa kuonja pipa na kusema limeharibika, bila kuhitaji kumuuliza Mskoti.

Hicho ndicho kipimo ninachokipendekeza, na nimekijaribu kwenye vitu vingi kabla ya kukiamini. Usiulize kitu kimetoka wapi, wala kinafanana na nini. Uliza kikiharibika nani atajua. Kitu cha Kijapani kina watu wanaoweza kukikataa kwa sababu za Kijapani. Kitu chenye sura ya Kijapani kinamtegemea mteja ambaye picha yake ya Japani ameipata kwenye filamu, na mteja huyo akiridhika kazi imekwisha.

Chukua wali wa kari. Bizari iliingia Japani katika enzi ya Meiji kwa mkono wa Waingereza, ambao nao waliichota India. Jeshi la majini likaifanya chakula cha askari, na hadi leo manowari za Japani hupakua kari kila Ijumaa. Mwaka 1963 kampuni ya House ilitoa vipande vya mchuzi mgando vyenye tufaha na asali, ikaviita Vermont Curry, kwa jina la jimbo la Marekani. Hebu jaribu kuupata Ujapani wa sahani hiyo kwa macho. Jina ni la Kimarekani, asili ni India kupitia Uingereza, mchuzi ni mzito wa rangi ya kahawia, na huliwa kwa kijiko. Hakuna mpambaji wa mkahawa atakayeuweka mezani ili kuonyesha Japani. Lakini mtoto wa shule wa Nagoya akionjeshwa kari isiyo sawa, atakwambia palepale kuwa si sawa: haijakolea utamu, viazi vimevurugika, mchuzi mwepesi mno. Mpishi wa Mumbai hana uwezo wa kutoa hukumu hiyo, wala mpishi wa London. Kari hiyo ni ya Wajapani, na mahakimu wake ni mamilioni ya watu wasio na cheti chochote cha mapishi. Nasema hivi mapema ili nisieleweke kwamba uhalisi ni mali ya mafundi wakuu peke yao.

Sisi wa Pwani tuna ushahidi wetu wa jambo hilihili, ila umegeuzwa. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, kanga zilizovaliwa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam zilichapwa ng'ambo: Uingereza, Uholanzi, India, na nyingi sana Japani. Wafanyabiashara wa huku walituma michoro na maneno, na meli zikaleta marobota. Mchapaji wa Japani hakuweza kulisoma jina la kanga. Herufi moja ikikosewa, au fumbo likipoteza makali yake, yeye haoni kitu. Atakayeona ni mwanamke aliyesimama dukani, naye ataiacha palepale juu ya meza. Pamba, rangi, mtambo na mikono vilikuwa vya Japani, na hakuna aliyewahi kumwambia bibi yangu wala yako kwamba amejitanda vazi la Kijapani.

Sasa turudi mezani, kwenye sushi, maana hapo ndipo maneno "halisi" na "mtindo" hugombaniwa zaidi. Mgeni hutazama samaki. Mjuzi wa Tokyo huanza na wali. Mchele wa punje fupi hupikwa kwa maji ya kubana, hupinduliwa ungali moto ndani ya beseni la mbao, hunyunyiziwa siki iliyoyeyushwa chumvi na pengine sukari, kisha hukatwakatwa kwa mwiko bapa huku ukipepewa ili ung'ae bila kurojeka. Haupelekwi kwenye friji. Huachwa ushuke hadi karibu na joto la mwili, na samaki awe na ubaridi kidogo tu juu yake. Tonge hubanwa kiasi cha kuinuka bila kumwagika na kuachana lenyewe ulimini. Baadhi ya maduka ya Tokyo bado hutumia siki nyekundu itokanayo na machicha ya sake, ambayo Nakano Matazaemon alianza kuitengeneza Handa mwaka 1804, ikawa mwenzi wa sushi ya mjini Edo, yaani Tokyo ya zamani, katika miaka yake ya mwanzo. Siki hiyo huutia wali rangi ya udongo. Kwa asiyejua, wali huo umechafuka.

Sushi ya mtindo huipuuza hatua hiyo nzima. Wali umelala kwenye baridi, umekuwa mgumu, umetiwa sukari ya kutosha keki, na umekandamizwa kama tofali. Jitihada zote zimehamia juu: mayonezi yenye pilipili, vipande vya kukaanga, mayai ya samaki ya rangi ya chungwa, mchuzi uliochorwa mistari kwenye sahani nyeusi. Jicho linashiba. Wali ukiharibika hakuna anayejua, kwa sababu kwenye chumba hicho hakuna mtu aliyekuja kwa ajili ya wali. Wala sisemi mashine ndiyo mchawi. Mashine ya kufinyanga matonge ya sushi ilibuniwa Japani kwenyewe, na kampuni ya Suzumo, mwaka 1981, na mikahawa ya sahani zinazozunguka huitumia kila siku. Tofauti ni kwamba huko mashine hurekebishwa mpaka tonge lake liachane inavyopaswa. Kuna mtu anayelalamika.

Wasabi, kile kiungo kikali cha kijani kinacholiwa na sushi, ni kesi ngumu zaidi, na ndiyo inayonifurahisha. Mmea wenyewe huota penye maji baridi yanayotiririka, kama katika mabonde ya Izu mkoani Shizuoka, na huchukua mwaka mmoja na zaidi kufikia ukubwa wa kuvunwa. Mpishi huukwangua shina lake kwa mzunguko mdogomdogo, mara nyingi kwenye kibao kilichofunikwa ngozi ya papa, maana ukali wake hauko ndani ya mmea. Huzaliwa pale seli zinapopasuka. Ukishazaliwa haukai. Baada ya robo saa hivi harufu ile ya majani na utamu wake vimeshaanza kuondoka, na kinachobaki ni kijani kilichopooza. Kwa hiyo kile kidonge kigumu cha kijani kinachokupiga puani kwenye mikahawa mingi duniani si wasabi. Ni mzizi mweupe mkali wa Ulaya, ndugu wa haradali, uliosagwa na kutiwa rangi.

Wengi wakishasema hivyo hunyoosha kidole nje ya Japani na kutulia. Waingie basi kwenye duka lolote la Tokyo. Mirija mingi ya wasabi inayouzwa pale imechanganywa na mzizi uleule wa Ulaya. Mnunuzi makini husoma maandishi: kuna maneno yanayomaanisha kwamba wasabi halisi ni nusu au zaidi, na maneno mengine, yanayofanana nayo sana, yanayomaanisha kwamba imo lakini haifiki nusu. Bidhaa imetengenezwa Japani, na Wajapani, kwa ajili ya Wajapani, na bado kwa kipimo changu ni wasabi ya mtindo. Tofauti yake na ile ya ng'ambo ni moja tu: lebo inamheshimu msomaji anayejua kusoma. Anwani ya kiwanda peke yake haithibitishi kitu.

Samaki aina ya salmoni amekwenda njia ya pili, kutoka ugeni hadi wenyeji. Wajapani walimla tangu kale akiwa amekolezwa chumvi au kuchomwa, kwa kawaida si mbichi, kwa sababu salmoni wa Pasifiki hubeba minyoo. Norway ilikuwa na samaki wa kufugwa waliolishwa chakula cha kutengenezwa, ambao tatizo hilo halikuwasumbua, na ilikuwa na shehena isiyo na mnunuzi. Mwaka 1985 waziri wao wa uvuvi, Thor Listau, aliongoza ujumbe kwenda Tokyo, na kwa miaka kadhaa Bjørn Eirik Olsen na wenzake wakahangaika kuwashawishi wanunuzi waliowajibu kwamba rangi si hiyo, harufu si hiyo, na hata kichwa cha samaki hakikai sawa. Mlango ulifunguka kampuni ya Nichirei ilipokubali kumuuza kama samaki wa kuliwa mbichi. Leo salmoni ni miongoni mwa vipenzi vya sahani zinazozunguka, hasa kwa watoto na vijana. Wakati huohuo, kwenye kaunta za mafundi wanaofuata desturi ya Edo, wengi bado hawamweki. Naona hali hiyo ni ya afya kabisa. Kundi moja la Wajapani linamhukumu salmoni kwa mafuta na ulaini wake, jingine linamhukumu kwa kumkataa, na yote mawili yanajua yanachokisema.

Nyama ya Kobe imechukua njia ya karatasi. Ng'ombe ni wa ukoo wa Tajima, azaliwe na kulelewa mkoani Hyogo, achinjwe hukohuko, na nyama ipite alama za daraja ndipo igongwe muhuri wa ua la krisanthemumu. Namba ya tarakimu 10 humfuata ng'ombe tangu kuzaliwa. Nyama hiyo ilianza kuuzwa nje ya nchi mwaka 2012, kwanza Macau. Hesabu basi mikahawa ya Marekani iliyokuwa na "Kobe" kwenye orodha yake ya vyakula kabla ya hapo. Mingi ilikuwa ikiuza nyama ya ng'ombe chotara, wenye damu ya madume waliosafirishwa kutoka Japani miaka ya 1970 na baadaye. Damu ilikuwepo. Hakimu hakuwepo.

Kuna watakaosema kwamba nimewapa binadamu kazi ambayo ni ya vitu, kwamba uhalisi unakaa kwenye mbao, jiwe na udongo. Hekalu la Ise linawajibu. Hubomolewa na kujengwa upya kila baada ya miaka 20, kwenye kiwanja cha pembeni, kwa mbao mpya za misaiprasi ya Kijapani. Mara ya 62 ilikuwa 2013, katika desturi iliyoanza karne ya 7. Hakuna nguzo ya kale ndani yake. Muda wa miaka 20 unatosha kwa seremala aliyekuwa mwanagenzi safari iliyopita kuwa fundi safari hii, na kuwa mzee wa kukagua viungo safari ijayo. Wataalamu wa urithi wa dunia walipokutana Nara mwaka 1994 walikubaliana kwamba uhalisi haupimwi kwa malighafi peke yake, na kwamba kila utamaduni una vigezo vyake. Kwa upande wa pili wa mizani weka zile hoteli zenye kichaka cha mianzi, kokoto zilizochorwa mawimbi kwa reki na sanamu ya Buddha karibu na bwawa la kuogelea. Sina la kuongeza kuhusu hizo.

Serikali ya Japani nayo ilijaribu kuamua. Mwaka 2006 waziri wa kilimo, Toshikatsu Matsuoka, alipendekeza mikahawa ya Kijapani ya ng'ambo ikaguliwe na kupewa kibali, baada ya kukuta huko Colorado mkahawa uliouza sushi pamoja na nyama choma za Kikorea. Magazeti ya Marekani yakacheka, yakauita mpango huo polisi wa sushi, na ukapunguzwa makali mpaka ukabaki kuwa mapendekezo. Kosa lake, kwa maoni yangu, lilikuwa kukagua jengo na orodha ya vyakula, vitu ambavyo mtu yeyote mwenye pesa anaweza kuviiga kwa wiki moja. Miaka kumi baadaye wizara ikaja na jambo la busara zaidi: vyeti vya dhahabu, fedha na shaba kwa wapishi wa kigeni, ambapo dhahabu hudai takriban miaka miwili ya kufanya kazi jikoni Japani na fedha takriban mwaka mmoja. Cheti humfuata mpishi. Akihama mkahawa, anahama nacho.

Mwaka huohuo wa 2016 wizara hiyohiyo ilimteua Hidekazu Tojo wa Vancouver kuwa balozi wa heshima wa vyakula vya Kijapani. Tojo, aliyejifunza kazi Osaka kabla ya kuhamia Kanada mwaka 1971, hudai kwamba ndiye aliyebuni ile sushi ya kaa na parachichi iliyogeuzwa ndani nje, wali juu na mwani ukafichwa katikati, kwa sababu wateja wake wazungu walichukizwa na kuona mwani. Ndiyo California roll, mlo ambao wengi huutaja kwanza wanapotaka mfano wa sushi isiyo ya kweli. Los Angeles wanabisha hadi leo: wanasema ni yao, ya Ichiro Mashita wa mkahawa wa Tokyo Kaikan, ambaye kwa masimulizi yao alikuwa hapati mnofu wenye mafuta wa jodari mwaka mzima, akatafuta kitu kitakachoyeyuka mdomoni namna ileile, akaliona parachichi.